Mshiko Wako Una Kilo Ngapi? Namna ya Kuchagua Gripa ya Mkono

Kwa lugha ya mtaani kule nyumbani Tanzania, mshiko ni pesa. Leo nazungumzia mshiko wenyewe, ule wa kiganja na vidole, ingawa kwa wengi wetu hapa Jeppestown mambo haya mawili hayako mbali. Fundi bodi anayeshinda na nyundo na msasa, dada msusi anayesuka kutwa nzima, kijana anayepakua mizigo alfajiri, mshonaji na mkasi wake: mkono ukilegea, na mshiko wa mfukoni unalegea.

Kwa wasiokijua kitongoji chetu, Jeppestown iko mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, na ni ya zamani tangu enzi za mwanzo za dhahabu. Msiichanganye na "Jeppe" ya mjini, ule mtaa wenye maduka ya Wahabeshi ambao siku hizi jina lake rasmi ni Rahima Moosa. Hapa kwetu ni Jules Street na gereji zake, karakana, hosteli za wafanyakazi na majengo makongwe ya ghorofa. Maji yakikatika, na miaka hii yamekuwa yakikatika mara kwa mara jijini, ndoo ya lita 20 inapandishwa ngazi kwa mkono. Lita 20 za maji ni kilo 20, zote zinaning'inia kwenye vidole vinne.

Mimi ni nesi. Diploma niliipata nyumbani, shahada nikaisomea ugenini. Majirani wananiita sista, na wana desturi ya kugonga mlango wakiwa na swali. Siku za karibuni swali limekuwa moja: "Sista, hii gripa niliyonunua ni nzuri?" Wananionyesha vile vibano vya kuminya kwa mkono, vyenye springi katikati na mipini miwili. Vimejaa kwenye meza za wachuuzi na kwenye maduka ya Wachina. Wapo wanaovitaka ili wapate mikono minene, wapo wanaovinunulia wazazi, na wapo walioambiwa kwenye WhatsApp kwamba vinatibu presha. Kila kundi linahitaji jibu lake, kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja kwa wote.

Kwa nini madaktari wanapima mshiko

Hospitali na kliniki za mazoezi ya viungo zina kifaa kinachoitwa dainamomita. Unaketi, unakunja kiwiko, unaminya kwa nguvu zako zote, na kifaa kinaandika kilo. Kipimo hiki rahisi kinaeleza mengi kuhusu mwili mzima, kwa sababu mtu mwenye misuli dhaifu mwilini huwa na mkono dhaifu pia.

Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwamo Afrika Kusini na Zimbabwe. Watafiti waliona kwamba kila mshiko unavyopungua kwa kilo 5, uwezekano wa kufa katika miaka ya ufuatiliaji uliongezeka kwa asilimia 16. Mshiko ulitabiri kifo vizuri kuliko hata ile namba ya juu ya presha.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka. Mshiko ni kama geji ya mafuta kwenye gari. Geji inakuonyesha hali ya tanki, lakini ukiisukuma sindano ya geji kwa kidole tanki halijai. Mtu anayeketi kutwa nzima, anakula vibaya na anavuta sigara, kisha anaminya gripa mbele ya televisheni, atapata vidole vyenye nguvu. Moyo wake utabaki pale pale. Gripa ina faida za kweli, ila hazifiki mbali kama maneno ya kwenye boksi lake.

Kwa kumbukumbu yako, wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia udhaifu wa misuli uzeeni wanatumia mipaka hii: mwanamume aliye chini ya kilo 27, au mwanamke aliye chini ya kilo 16, anapaswa kuchunguzwa zaidi. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba mshiko hufikia kilele kwenye miaka ya thelathini, wastani ukiwa kama kilo 51 kwa wanaume na kilo 31 kwa wanawake, kisha hushuka polepole. Sisi tulio kwenye thelathini tuko juu ya kilima. Kazi yetu ni kuteremka taratibu.

Mama zetu hawakununua gripa

Ukifikiri vizuri, malezi yetu yalikuwa jimu tosha. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua tui, kutwanga, kukamua mashuka yaliyolowa, kushika jembe, kuchota maji, kukama ng'ombe kwa walio bara. Bibi wa miaka 65 aliyeishi hivyo akikushika mkono, unajua umeshikwa.

Huku ugenini mashine inafua, tui linatoka kwenye kopo, na mwanafunzi anashinda na simu na kompyuta. Tena baada ya magharibi wengi hatutoki kwenda kukimbia. Waliokuwapo Septemba 2019, maduka yalipovunjwa na magari kuchomwa hapa Jeppestown na kwingineko jijini, hawahitaji kuelezwa sababu. Kifaa kinachoingia mfukoni na kutumika ndani ya chumba kimoja kina maana kwa watu kama sisi. Kazi ni kukichagua vizuri.

Aina zilizopo sokoni

Kwanza kuna mipira na pete za mpira, na zile zenye umbo la yai. Ni laini, hazina pembe, na bei yake ni ndogo. Zinafaa kwa wazee, kwa mkono unaopona na kwa anayeanza kabisa. Hazimfikishi mbali kijana mwenye nguvu.

Pili kuna gripa za plastiki zenye kitufe cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza ugumu. Nyingi zimeandikwa kilo 5 hadi 60, au 10 hadi 40. Hapa mtaani nimeziona kwa chini ya randi 100. Faida yake ni kwamba familia nzima inatumia moja: baba anakaza, mama anapunguza, mwanafunzi anaweka katikati. Ubaya ni kwamba springi zake hulegea na plastiki hupasuka, hasa ukiikaza hadi mwisho kila siku.

Tatu kuna gripa za chuma zenye ugumu mmoja usiobadilika. Zinazojulikana zaidi duniani ni Captains of Crush za kampuni ya IronMind ya Marekani. Ya chini kabisa ina alama ya pauni 60, yaani kama kilo 27. Inayofuata ni 80, kisha 100, na Namba 1 ni pauni 140, kama kilo 63. Ya mwisho, Namba 4, ni pauni 365, zaidi ya kilo 165, na walioweza kuifunga ni wachache mno duniani. Hizi ni ghali na zinadumu miaka mingi. Lakini ukitaka kupanda ngazi lazima ununue nyingine.

Nne kuna zile za kubonyeza kidole kimoja kimoja, kama vitufe vya tarumbeta. Wapiga gitaa wanazipenda. Kwa nguvu za kubeba ndoo hazisaidii sana, maana mkono haubebi kwa kidole kimoja.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

*Namba usiiamini sana.* "Kilo 40" ya kampuni moja si kilo 40 ya nyingine. Nguvu inayohitajika hutegemea unapima sehemu gani ya mpini: karibu na springi ni ngumu, kwenye ncha ni nyepesi. Kila mtengenezaji anapima anavyotaka. Kwa hiyo linganisha gripa na mkono wako, siyo na maandishi. Wala namba hiyo si sawa na ile ya dainamomita.

*Jaribu dukani.* Muulize muuzaji kwa upole akufungulie. Funga hadi mipini ikutane, au iishie pale inapoishia, bila kukunja sura. Ukiweza kufunga mara 10 hadi 15 na zile tatu za mwisho zikawa ngumu, hiyo ndiyo yako ya kuanzia. Ukishindwa kufika mara 5, iache. Ukipita 25 huku unaendelea na soga, itakuwa mapambo baada ya wiki mbili.

*Pima upana.* Gripa nyingi zimetengenezwa kwa mkono mkubwa. Kama vidole vyako vinafika kwenye mpini kwa ncha tu, utaumiza viungo vya vidole. Kiungo cha katikati cha kila kidole kiweze kuuzunguka mpini tangu mwanzo. Hili ni muhimu kwa akina dada na kwa wazee.

*Angalia mpini na springi.* Mpini wa sponji ni mzuri siku ya kwanza, ila sponji huzunguka na kuchanika. Chuma chenye mikwaruzo hushika vizuri lakini huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka kwa mfanyakazi wa gereji au wa jikoni ni mlango wa vijidudu. Springi isiwe na kutu wala mlio wa kukwaruza. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, kumbuka springi hubana vidole, iweke juu.

Je, mkono wako unahitaji nguvu au mapumziko?

Hili ndilo swali ninalowauliza wote wanaogonga mlango, na nawaomba mjiulize kabla ya kununua chochote.

Kaka mmoja kutoka Bukavu, fundi bodi, alikuja akilalamika kwamba spana zinamponyoka. Alikuwa ameshanunua gripa ngumu na anaminya kila usiku. Nikamuuliza kama anaamka usiku mkono umekufa ganzi. Akasema ndiyo, anaamka na kuukung'uta. Ganzi iko wapi? Kidole gumba, cha shahada na cha kati. Dalili hizo huelekeza kwenye neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono, ambayo hubanwa njia yake ikivimba. Wanaotumia mashine zinazotetemeka na wanaoshika kwa nguvu kutwa nzima wako kwenye hatari hiyo. Kuminya gripa kunaongeza msongamano mle mle ndani. Alihitaji kuacha gripa, kuvaa kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala, na kumwona daktari mapema, kwa sababu neva ikibanwa muda mrefu msuli wa chini ya gumba hukonda na usirudi. Alikwenda. Bado yuko gereji na nyundo yake.

Wengine wanaopaswa kusubiri ni wenye maumivu upande wa nje wa kiwiko wanaponyanyua birika au kukamua nguo, wenye kidole kinachokwama kikikunjwa na kufunguka kwa mlio, wenye viungo vilivyovimba na vya moto, na waliofanyiwa upasuaji wa mkono karibuni. Hao waanzie kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Kuna jambo la kiharusi pia. Familia nyingi humpa mgonjwa mpira aminye kutwa. Kama mkono umelegea, mazoezi ya kushika huenda yakasaidia kwa maelekezo. Lakini kama mkono umekakamaa na vidole vimejikunja vyenyewe, kazi kubwa ni kuufungua. Usimnunulie gripa mgonjwa wa kiharusi kabla mtaalamu hajaushika mkono wake.

Gripa na presha: ukweli uko wapi

Ujumbe wa WhatsApp una chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni hatari. Mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kuhusu njia za kushusha presha zisizo za dawa, na mazoezi ya kushika na kukaza kwa mkono yalitajwa miongoni mwake. Namna iliyochunguzwa ni hii: unaminya kwa kama asilimia 30 tu ya nguvu zako, unashikilia kwa dakika 2 bila kuachia, unapumzika, unarudia hadi mara 4, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 8 au zaidi. Ni kushikilia kwa upole, tofauti kabisa na kuminya haraka haraka kwa nguvu zote. Tena vifaa vilivyotumika vina kioo kinachoonyesha nguvu, kitu ambacho gripa ya kawaida haina.

Mama mmoja wa makamo hapa mtaani, mtu wa Kigoma, alisoma ujumbe ule, akaanza kuminya na akaacha vidonge. "Sista, najisikia vizuri tu," akaniambia. Nikampima: 178 kwa 104. Nikamweleza kwamba presha haina tabia ya kugonga mlango kabla ya kuingia. Alirudi kliniki siku iliyofuata na akarudia dawa zake. Mazoezi hayo yanaongezwa juu ya dawa, na anayepunguza dawa ni daktari baada ya kuona vipimo.

Tena, ukiminya kwa nguvu huku umebana pumzi, presha hupanda ghafla. Mwenye presha isiyotulia, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito mwenye presha aulize kwanza. Na kila mtu ahesabu kwa sauti anapominya. Anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Mpango wa wiki nane

Fanya siku 3 kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kano hupona polepole kuliko misuli, kwa hiyo usifanye kila siku.

Anza kwa kupasha mikono moto. Juni na Julai Johannesburg ni baridi kweli. Tumbukiza mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika 3, kisha funga na kufungua viganja mara 20.

Wiki ya 1 na ya 2: funga gripa mara 10 hadi 12 kila mkono, mizunguko 2. Funga kwa sekunde moja, shikilia sekunde moja, fungua taratibu kwa sekunde mbili. Usiiachie irudi kwa kishindo.

Wiki ya 3 hadi ya 5: mizunguko 3, ukipumzika dakika moja au mbili katikati.

Wiki ya 6 hadi ya 8: ongeza ugumu kidogo, kiasi cha kuweza mara 8 tu, mizunguko 3. Ukifika mara 12 kwa urahisi, ongeza tena.

Kila siku ya mazoezi malizia kwa kufungua. Vaa ukanda wa mpira, hata ule wa kufungia mboga, kuzunguka ncha za vidole vyote vitano, kisha panua mkono mara 15 hadi 20. Misuli inayofungua mkono ndiyo inayoshikilia kifundo kisicheze, na wengi wanaoumia kiwiko wamefanya kazi ya kufunga bila ya kufungua.

Misuli ikichoka kidogo siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali, ganzi au uvimbe si kawaida. Simama.

Kama pesa haipo

Usikope kwa ajili ya gripa. Jaza maji chupa mbili za lita 5, shika moja kila mkono, tembea ndani ya korido sekunde 30, pumzika, rudia mara 3. Hizo ni kilo 5 kila upande, na zinafundisha mkono, bega, mgongo na miguu kwa pamoja. Ukizoea, ongeza ukubwa wa chombo. Au lowesha taulo, likamue kulia, kisha kushoto, mpaka lisidondoshe tone. Mwanafunzi mwenye mfuko wa vitabu aubebe kwa mkono kutoka kituoni hadi nyumbani, akibadilisha upande. Kwa maoni yangu, mtu mzima na mwenye afya anapata faida zaidi kwa kubeba na kutembea kuliko kwa kuminya ameketi.

Kwa wazazi walio nyumbani

Wengi mnaniuliza kuhusu zawadi ya kumpelekea mama au baba. Kwa mzee, chagua mpira laini au pete nyepesi kabisa, na umpigie simu ya video umwonyeshe namna ya kutumia. Gripa ya chuma itaishia kwa wajukuu.

Ila kabla ya zawadi kuna swali. Tunapopiga simu Jumapili tunauliza, "Shikamoo mama, hujambo?" naye anajibu, "Marahaba mwanangu, sijambo," hata kama hali si nzuri, maana hataki kututia wasiwasi ugenini. Muulize badala yake mambo ya mkono. Kifuniko cha chupa ya dawa unafungua mwenyewe? Ndoo unabeba, au siku hizi unamwita jirani? Ukiinuka kwenye kiti lazima ujisukume kwa mikono? Kikombe kimekuponyoka mara ngapi mwezi huu? Majibu hayo yatakueleza zaidi kuliko "sijambo". Na kama mshiko umeshuka ghafla, au umeshuka mkono mmoja tu, pesa ya gripa itumike kwa nauli ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.